Mshale Unaolala Mvua Ikinyesha

Jumatatu, Machi 3

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mshale wa mizunguko ya injini umelala.

Nitaandika kama nilivyozoea kazini: tukio, saa, shahidi. Tukio: nilikuwa narudi kutoka dukani, mshale ukarukaruka mara mbili tatu kama mtu anayeota ndoto mbaya, kisha ukaanguka kwenye sifuri na kubaki hapo. Saa: tisa na nusu alasiri. Shahidi: hakuna. Injini ilikuwa hai. Nilijua kwa sababu gari lilikuwa linapanda kilima.

Kwa mtu mwingine hili si jambo. Dashibodi za watu zimekufa nusu nzima nao wanaendesha hadi harusini. Wao hubadilisha gia kwa sikio: injini ikinguruma wanapandisha, ikilalamika wanashusha. Hata mimi nilifanya hivyo miaka ishirini na gari hilihili. Sasa huu mwaka wa tatu nabadilisha gia kwa jicho. Mshale ukigusa mbili na nusu, napandisha. Ukishuka chini ya moja, nashusha. Nikiwasha asubuhi sisikilizi kama limewaka, natazama mshale. Ukisimama, limewaka.

Hakuna anayejua. Mahakamani nilistaafu mapema kwa kisingizio cha mgongo. Niliuchagua mgongo kwa sababu hakuna anayeweza kuuchungulia. Lakini ukweli ni ile siku shahidi aliposema "hakumwona" nami nikapiga chapa "akamwona". Hakimu akanisahihisha mbele ya watu, kwa upole, akidhani ni uchovu. Karani wa mahakama asiyesikia ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Nilikusanya vitu vyangu kabla hawajanikusanyia wao.

Alhamisi, Machi 6

Siku ya kupeleka kazi kwa wakili. Ananipa barua na maelezo ya wateja yaliyoandikwa kwa mkono, nami namchapia. Kazi nzuri, karatasi hazinong'oni.

Kumekucha kukavu, mshale ukasimama vizuri hadi mjini. Wakati wa kurudi manyunyu yakaanza, nao ukaanza ngoma yake. Nikaendesha kwa kubahatisha, gia ya pili mahali pa tatu, hadi nikasikia harufu ya moto. Pua yangu haina tatizo.

Ukielekea mjini, baada tu ya kuvuka reli kuna nyumba ya dada yangu, mlango wa kijani. Sikusimama. Huwa sisimami.

Jumapili, Machi 9

Mvua kutwa. Nimefua nguo, hazikukauka. Sijazungumza na mtu.

Jumanne, Machi 11

Nimempata fundi wa umeme wa magari, nyuma ya kituo cha mafuta. Wanamwita Fundi Redio kwa sababu alianza na redio, zikafa, akahamia kwenye magari. Mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, shati limejaa matundu ya cheche.

"Tatizo nini, mama?"

Alinitazama usoni, kwa hiyo nilimsoma midomo bila shida.

"Mshale wa mizunguko. Mvua ikinyesha unalala."

"Huo tu? Wenzako wananiletea gari halina breki, wewe unaniletea mshale?"

Alicheka, nami nikacheka. Hadi hapo tulielewana. Kisha akafanya jambo la kuniua: akachukua kipande cha waya akakibana kwa meno, na tangu hapo midomo yake ikawa ya mtu anayetafuna. Akainua boneti, akapotea nyuma yake. Nikakaa kwenye usukani nikiitazama boneti kama mtu anayetazama ukuta wenye habari njema upande wa pili.

Baada ya muda akatokea dirishani, uso umekunjamana.

"Mama, nimekwambia kanyaga mafuta mara tatu!"

"Samahani, fundi. Nilikuwa nawaza."

Alipima fyuzi, nzima. Akapima waya unaoshikana na bodi ya gari, akakuta umeshika kutu hadi rangi ya chai. Akausugua kwa msasa, akaufunga upya kwa bolti mpya. Mshale ukasimama. "Umepona," akasema, au kitu cha namna hiyo.

Alhamisi, Machi 13

Mshale wima kama askari wa gwaride, kwenda na kurudi. Mlango wa kijani umefungwa.

Jumatano, Machi 19

Jirani yangu, Mama Pacha, alisimama kwenye ua wetu wa pamoja akanisemesha huku anaanika nguo, uso ndani ya shuka. Nikajibu, "Nzuri, nzuri, asante." Akalishusha shuka akanitazama kama nimemtukana, akaingia ndani.

Zamani alikuwa ananiletea kitu akipika. Sasa tunapishana kama wapangaji wa hoteli. Najua wanavyosema: yule mama wa mahakamani ana maringo, hadi salamu anachagua. Sina ushahidi kwamba wanasema. Lakini lisemwalo lipo, na lisilosikika ndilo linalouma zaidi, kwa kuwa nalitunga mwenyewe.

Alhamisi, Machi 20

Mvua kubwa. Mshale umelala tena. Nilipopiga dashibodi kwa kiganja ukaamka, ukanitazama, ukalala.

Jumamosi, Machi 22

Kwa Fundi Redio tena. Hakufurahi, maana mgonjwa aliyemtangaza amepona amerudi kwa miguu yake. Akaitoa dashibodi yote, akafungua saa ya mshale kwa bisibisi ndogo kuliko kalamu. Nilisimama jirani kabisa ili nione. Ndani mna kibao cha umeme cha rangi ya kahawia, ukubwa wa kiganja cha mtoto, na nyuma yake vidoti vya risasi iliyoyeyushwa vinavyoshikilia vitu vyake. Akanionyesha kwa kioo cha kukuzia: kidoti kimoja kimezungukwa na ufa mwembamba kama unywele.

Nilipenda kuona ufa. Kitu kinachoonekana kinaweza kusemwa.

Akasema niache gari, nirudi kesho.

Jumapili, Machi 23

Nimetembea hadi kwa fundi kwenye tope. Kumbe alisema kesho kutwa. Nilimkuta kwa bahati tu, amekuja kuchukua mwavuli.

"Nilisema kesho kutwa, mama."

"Nimesahau."

"Hukusahau. Jana ulirudia mwenyewe, 'kesho asubuhi,' na mimi nikakwambia hapana, kesho kutwa. Ukatikisa kichwa ukaenda zako."

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Kisha akautoa waya uliokuwa pembeni mwa mdomo, akaufuta kwa shati, akautia mfukoni. Akaniletea kiti. Akakaa mbele yangu, ana kwa ana, akanieleza taratibu jinsi atakavyoyeyusha risasi ya zamani na kuweka mpya. Nilielewa kila neno. Nadhani nimeanza kumzoea.

Jumatatu, Machi 24

Gari limetoka. Mshale unafanya kazi. Fundi ameacha kung'ata waya. Labda meno yanamsumbua.

Jumamosi, Aprili 5

Wiki mbili mshale haujalala, ila na mvua yenyewe imekuwa ya kuonja tu. Ningekuwa na furaha, lakini leo sokoni nilimwona dada. Alikuwa anachagua nyanya. Aliinua macho tukatazamana, akairudisha nyanya, akaondoka.

Niandike basi. Shemeji alifariki mwaka juzi, Septemba. Siku ya mazishi nyumba ilijaa, watu wakiongea wote kwa pamoja, na kwangu makundi ni kama maporomoko ya maji: sauti tele, neno hata moja hakuna. Jioni nilipokwenda kumuaga dada, alinikumbatia, akasema kitu shingoni mwangu. Mdomo wake sikuuona. Nilifanya ninavyofanya siku zote. Nikamwonyesha uso mzuri, nikasema, "Haya, dada, asante," nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Tangu siku hiyo hajanisemesha. Alipiga simu mara moja, sikupokea, kwa kuwa sipokei simu za mtu yeyote. Sijui alisema nini. Nimejaribu sentensi mia katika kichwa changu, hakuna hata moja inayostahili mwaka mmoja na miezi saba.

Lugha yetu nayo haina huruma na watu wa aina yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Kila asiyesikia ni mkaidi, tena atakufa.

Jumanne, Aprili 8

Mvua. Mvua. Mama Pacha amezungushia ua wake mabati mapya. Upande wangu tu.

Alhamisi, Aprili 10

Nitaandika kwa utaratibu.

Nilitoka nyumbani saa tatu asubuhi na karatasi za wakili ndani ya mfuko wa nailoni. Mvua ilikuwa ile isiyo na matone, kamba tupu. Kufika karibu na reli kulikuwa na foleni. Pale relini hakuna kizuizi, kuna kibao tu, na kila mtu anajitazamia. Mbele yangu alikuwa mtu wa mkokoteni amebeba mabati marefu, na mkokoteni ulikuwa umenasa kwenye tope upande wa pili. Mimi nilikwishapanda. Magurudumu ya mbele yalipita chuma cha kwanza kwa kishindo, nikasimama hapo, juu ya reli, nikimngoja.

Wakati wa kishindo kile mshale ulianguka kwenye sifuri. Niliuona. Nikasema moyoni, lala, si ndiyo kawaida yako.

Taa nyekundu za dashibodi lazima ziliwaka, gari likizima huwaka. Sikuziangalia. Nilikuwa namwangalia mtu wa mkokoteni. Kwamba injini imezimika halikunijia akilini hata chembe, kwa sababu usukani ulikuwa unatetemeka mikononi mwangu na kiti kinatetemeka chini yangu, tena kwa nguvu kuliko siku nyingine. Nikajisemea, injini leo ina afya.

Mkokoteni ukanasuka. Nikaachia klachi, nikakanyaga mafuta. Gari halikwenda. Nikakanyaga tena. Pembeni ya barabara niliona mwanamke ameweka mikono kichwani, mdomo wazi kabisa. Wengine nyuma yake, midomo wazi. Nikadhani wanamgombeza mtu wa mkokoteni. Nilimwonea hata huruma.

Mlango wangu ukafunguliwa kwa ghafla. Mkono wa mtu, umelowa, ukapita mbele ya kifua changu ukaitoa gia. Gari likaanza kwenda bila mimi. Walikuwa wanasukuma, nyuma na ubavuni, watu sita, saba, sijui. Tulipoteremka upande wa pili nilitazama kioo cha nyuma. Kioo kikajaa chuma. Chuma kikapita, kikapita, behewa baada ya behewa, na usukani mikononi mwangu ukatetemeka kama mwanzo. Behewa la mwisho lilipokwisha, ukatulia.

Ilikuwa treni. Ule mtetemo wote ulikuwa wa treni.

Watu wakanizunguka. Nilishuka. Wote walisema kwa pamoja. Nilitikisa kichwa. Mungu anisamehe, nilitabasamu. Mwanamume mmoja, yule mwenye mkono uliolowa, alinishika mabega akaniuliza jambo, akarudia, akarudia, na mvua ilikuwa inamwingia mdomoni. Nikasema, "Ndiyo." Akaniachia akarudi nyuma hatua moja.

Walilisogeza gari hadi kando, kwenye mlango wa kijani. Hakuna aliyejua ni mlango wa nani. Dada hakuwepo. Niliuacha ufunguo ndani ya gari nikarudi kwa miguu, saa nzima, na mfuko wa karatasi kifuani.

Ijumaa, Aprili 11

Ujumbe wa wakili kwenye simu: "Pole sana kwa yaliyokupata. Tafadhali pumzika kwanza, kazi tumempa mtu mwingine. Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye, ofisi iko wazi."

Mtu wa kuzungumza naye? Nimeusoma mara nne. Sielewi.

Saa kumi jioni Mama Pacha alisimama mlangoni na bakuli lililofunikwa. Macho mekundu. Akalitia mikononi mwangu, akanishika mkono, akaenda. Haya mabadiliko yananiogopesha kuliko mabati.

Jumamosi, Aprili 12

Dada amekuja.

Nilikuwa jikoni nimeupa mlango mgongo. Nilipogeuka alikuwa amesimama katikati ya chumba, amelowa, amekonda, mtandio ameubana mdomoni kwa mikono miwili. Mabega yanapanda na kushuka. Alikuwa anasema na kulia kwa wakati mmoja, yote ndani ya mtandio.

Nikaanza kutabasamu. Nilihisi uso wangu unaanza. Na hapo nikachoka. Sina neno jingine. Nilichoka kama mtu aliyebeba ndoo kichwani miaka mitatu.

"Dada," nikasema, "toa mtandio mdomoni. Sikusikii."

Akautoa. "Hunisikii vipi?"

"Sikusikii. Masikio yangu yamekufa. Huu mwaka wa tatu."

Akanitazama. Dada yangu hajawahi kuamini kitu kwa kuambiwa, hata tulipokuwa watoto alikuwa anaonja chumvi mwenyewe. Akageuka, akaelekea ukutani, akakaa hivyo kidogo. Akageuka tena kwangu.

"Nimesema nini?"

"Sijui."

Akageuka ukutani tena. Akarudi. "Na sasa?"

"Sijui, dada."

Akageuka mara ya tatu, na safari hii hakurudi. Alibaki akiutazama ukuta, mabega yanatikisika. Nikamfuata, nikamgeuza kwa mikono yangu.

"Wanasema ulikaa relini kusudi," akasema. Alisema taratibu, kila neno amelikata. "Treni inapiga honi, watu wanapiga kelele, wewe umekaa unatazama mbele. Yule mwanamume alikuuliza, 'Mama, ulitaka kufa?' Ukamjibu ndiyo. Ukacheka."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Siku mbili nimelizunguka lile gari lako mlangoni kwangu," akaendelea. "Nikajiambia, amekuja kufia mlangoni pangu, makusudi, anikomoe. Halafu nikajiambia, hapana, alikuwa anakuja kwangu kuomba msaada nami sikuwepo. Sikulala."

"Nilikuwa napeleka karatasi kwa wakili," nikasema. "Gari lilizimika. Sikujua."

Nilichukua daftari hili, nikafungua ukurasa mtupu, nikampa kalamu. Nikamwomba aandike alichoniambia shingoni siku ya mazishi. Alikataa kwanza. Kisha akaandika. Hati yake iko hapa, imeegemea kushoto:

*Nilisema usiende. Nilisema nyumba hii siwezi kuingia chumbani peke yangu, lala na mimi leo tu. Ukacheka ukasema haya asante ukaondoka. Nilikuzika siku ileile na mume wangu.*

Nilisoma. Nikarudia kusoma. Baadaye akanigusa goti ili nimtazame.

"Mwaka na miezi saba nimekuchukia," akasema. "Sasa hiyo chuki yote niipeleke wapi?"

"Ibaki na mimi kidogo. Sikuwa na makosa ya kutosikia, lakini nilikuwa na makosa ya kunyamaza."

"Kwa nini hukusema?"

Nilifikiri jibu refu. Nikampa fupi. "Aibu."

Akasonya, niliona. Hiyo haihitaji masikio.

Jumatano, Aprili 16

Fundi Redio amekwenda mwenyewe hadi kwa dada kulitazama gari. Tulikuwepo wote wawili. Alifika na chupa ya kunyunyizia maji, kama ya kinyozi, na uso wa mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

Aliliwasha gari, likawaka mara moja. Akaniita niinamie injini pamoja naye. Alinionyesha koili, kitu cheusi kinachotengeneza cheche za plagi, na waya mmoja mwembamba unaotoka hapo kwenda kwenye mshale kupeleka habari za mizunguko. Waya huo unapita kwenye tundu la ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi. Tundu lilitakiwa kuwa na pete ya raba. Raba ilikuwa imeoza, imebaki kama makombo. Miaka yote chuma kimekuwa kikiutafuna waya, hadi shaba imetoka nje.

Akanyunyiza maji pale. Mshale ukacheza; dada alikuwa ndani akiutazama, akatupungia mkono. Kisha akautikisa waya kwa kidole hadi shaba ikagusa chuma, na injini ikafa palepale. Mkono wangu ulikuwa kwenye bodi ya gari, nikaisikia inakufa kwa kiganja.

Akasimama mbele yangu.

"Waya ni huohuo mmoja, mama. Ukigusa bodi kidogo, mshale unacheza. Ukigusa sawasawa, koili haitoi cheche, gari linazima. Mshale ulikuwa haudanganyi. Ulikuwa unatuambia kuna hatari, mimi nikaenda kuutibu mshale." Akafuta mikono, akafuta tena mikono misafi. "Ile kutu ilikuwepo kweli, na ule ufa ulikuwepo kweli. Nilipata kosa nikaridhika. Sikuufuata waya hadi mwisho."

"Hukujua."

"Sikujua la waya. Lakini la kwako nilijua." Akamtazama dada, akanirudia mimi. "Tangu siku ile uliyokuja Jumapili. Nilijua husikii. Niliona haya kukuuliza, nikasema ni mtu mzima, ana siri yake, nimheshimu. Ningekuuliza, ningekwambia mtu asiyesikia asiendeshe gari lenye mshale mbovu hata siku moja. Adabu yangu nusura ikuue."

Kumbe meno yalikuwa mazima.

Nilitaka kumkasirikia, nikatafuta pa kuanzia, sikupaona. Mimi nilikuwa na aibu, yeye alikuwa na adabu, dada alikuwa na hasira, na treni ilikuwa na ratiba yake. Nikamwambia, "Fundi, siku nyingine niulize." Akasema, "Na wewe, mama, siku nyingine niambie."

Ameubadilisha waya wote, ameweka pete mpya ya raba, ameusogeza mbali na chuma na kuufunga kwa klipu tatu. Akanyunyiza maji chupa nzima. Mshale haukutikisika. Nikamwambia aliache gari hapohapo. Siko tayari.

Jumamosi, Aprili 26

Sijaendesha.

Jumanne, Aprili 29

Nimemwambia Mama Pacha. Nilivuka nikagonga mabati yake. Alisikiliza, akafunika mdomo, kisha akaufunua haraka kwa kukumbuka. Siku ile ya shuka alikuwa ameniambia mamake amefariki.

"Nzuri, nzuri, asante." Ndivyo nilivyomjibu.

Nimekaa kutwa nzima na hilo. Kuna wangapi wengine? Wakili, mahakamani, kituo cha mafuta, dukani. Miaka mitatu nimetembea mji huu nikitabasamu kwenye misiba ya watu. Dada amenisamehe, Mama Pacha naye, lakini waliobaki siwajui, na siwezi kugonga kila mlango.

Alhamisi, Mei 8

Nimeendesha. Kutoka kwake tulizunguka mjini kwanza, dada kiti cha pembeni. Alianza kunihadithia jambo, nikamwambia, "Nikiendesha siwezi kukutazama mdomo, kwa hiyo unajihadithia mwenyewe." Akanyamaza. Dada yangu, dakika kumi na mbili.

Tulipofika relini alishuka. Akatangulia kwa miguu, mwavuli mkononi, akasimama katikati ya reli akatazama kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, mtu wa miaka sitini na nne kama askari wa usalama barabarani. Nyuma yangu najua walikuwa wanapiga honi. Kisha akanipungia. Mshale ukiwa kwenye moja na nusu, nikavuka.

Upande wa pili nilisimamisha gari nikalia. Yeye akaufunga mwavuli taratibu sana, akanipa nafasi.

Jumatatu, Mei 12

Mvua zimepungua. Wakili hajanirudishia kazi. Nimemwandikia barua ya kweli, ukurasa mmoja. Hajajibu.

Alhamisi, Mei 15

Leo dada amenipeleka hospitali, idara ya masikio. Tulingoja asubuhi nzima kwenye benchi, na kila jina lilipoitwa alinitikisa kwa kiwiko kuniambia si lako.

Kipimo kinafanyika ndani ya kijumba chenye kuta za sponji na dirisha la kioo. Mpimaji ni binti mpole mwenye miwani. Alinivisha vitu vya kufunika masikio, akanipa kitufe kwenye waya, akanieleza ana kwa ana: atapiga sauti ndogondogo, nikisikia hata kidogo nibonyeze. Akatoka, akafunga mlango, akakaa kwenye mashine yake upande wa pili wa kioo. Dada alikuwa nyuma yake, amesimama, mkoba kifuani.

Nikangoja kidogo. Nikabonyeza. Nikangoja tena, nikabonyeza. Nilikuwa nauangalia uso wa yule binti, ninavyoangalia nyuso zote, nikitafuta pale ambapo mtu anategemea kujibiwa. Akiinamisha macho, nabonyeza. Akigusa mashine, nabonyeza. Nilibonyeza mara saba au nane. Nilijiona naendelea vizuri. Nilitaka dada aone.

Binti akaacha alichokuwa anafanya. Akainuka, akafungua mlango, akachuchumaa mbele yangu ili uso wake uwe sawa na wangu.

"Mama," akasema, "bado sijaanza."

Hakucheka. Mimi ndiye niliyetaka kucheka, uso ukaanza kujipanga, nikauzuia.

"Usinitazame mimi," akasema. "Funga macho. Usiposikia kitu, usifanye kitu. Si kosa."

Akarudi kwenye mashine. Nilimwona dada kwa mara ya mwisho, kisha nikafumba macho. Nikakitoa kidole juu ya kitufe nikakilaza kwenye paja.

Kimya.

Kimya, kisha kimya tena. Nilijua hapo katikati sauti zilikuwa zinapita, na kwamba yule binti alikuwa anaandika kila moja niliyoikosa, na dada anaona. Sikubonyeza.